Mguu wa Talaso na Maslaha ya Haraka

Nyinyi mnaoita gari kwa simu, mkasimama kivulini mkitazama kigari kidogo kikisogea kwenye kioo, hebu niazimeni masikio. Sitawaambia mwache kupanda. Mimi mwenyewe goti likinigomea, mjukuu wangu huniitia gari hilohilo kutoka hapa Chechelesi, mtaa wetu wa Isiolo, hadi sokoni, nami hupanda bila haya. Ninachotaka kusema ni habari za baadaye, gari likishaingia mtaroni na wewe uko ndani, na mguu wako umeelekea upande ambao Mungu hakuuelekeza. Saa hiyo simu haina la kukuambia. Watu watakaokuzunguka ndio watakuwa na mengi, na mengi yao ni ya kukumaliza.

Mimi nilikuwa mtu wa plasta. Si daktari, ingawa nusu ya mji huu huniita daktari na nusu nyingine huniita Mama Plasta. Niliingia chumba cha plasta cha hospitali nikiwa msichana mwembamba niliyeteremka kutoka Meru, nikatoka humo mzee mwenye mgongo mbovu. Kilikuwa chumba kimoja chenye sinki, meza ya chuma, ndoo na msumeno. Kazi yangu ilikuwa kufunga mifupa iliyovunjika ili isitikisike hadi ishikane. Ukiisikia hivyo unaona ni kazi ya kutuliza watu. Sivyo. Nilikutana na watu siku iliyo mbaya kuliko siku zao zote, na wengi walinichukia kabla sijawagusa.

Nitawapa habari za msichana mmoja aitwaye Talaso na mguu wake wa kulia. Nitasimama njiani kueleza hili na lile, maana nimekaa na mifupa muda mrefu na nimezoea kugusagusa kila kitu nione kama ni kizima. Mnivumilie. Habari yenyewe haifurahishi, na mwaka huo ndio ulionifanya niihesabu kazi kuwa imenitosha.

Talaso alikuwa fundi wa nguo, Mborana, mrefu, mcheshi, mwenye ulimi wa kuchokoza. Alishona kwenye baraza la duka moja mjini, kwa cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Baba yake alikuwa amefariki, na wadogo zake walikula na kusoma kwa kukanyaga huko. Mimi nilimjua kwa sababu alinishonea magauni. Kila nikienda kupimwa kiuno alikuwa ananiuliza kama hospitali imeanza kutulisha sisi badala ya wagonjwa. Sikuwa na binti. Namwambia kila mtu waziwazi, nilimpenda kama wangu.

Siku hiyo alikuwa na nguo za harusi za kupeleka kwa mteja. Aliita gari kwa simu, na aliyekuja alikuwa Galgalo, kijana wa mtaa wao, jirani wa mlango kwa mlango. Wakacheka, mji ni mdogo. Kisha Galgalo akamwambia maneno ambayo baadaye Talaso alinirudishia neno kwa neno: "Dada, kansel hiyo safari. Wewe ni mtu ya nyumbani, kwa nini wenye app wakule?" Naye akaifuta ile safari kwenye simu. Angekataaje? Angeonekana anamhesabu jirani kama mgeni.

Hapo ndipo palipoharibika pa kwanza, na hakuna mfupa uliokuwa umevunjika bado. Safari ikishafutwa, kwa wenye ile kampuni wewe hukupanda. Hakuna dereva, hakuna gari, hakuna abiria. Ukija kuwaambia umeumia ndani ya gari lao, watakuuliza gari gani. Kwa hiyo dereva akikuomba ufute, hata akiwa mtoto wa shangazi yako, mwambie simu imeganda. Dunia haitaanguka kwa uongo huo mdogo, nami nitaubeba mbele ya kasisi wangu.

Hawakufika mbali. Galgalo aliinama kutazama simu yake, punda akatokea na mkokoteni wa mitungi ya maji, Galgalo akakata kona, gari likaingia mtaroni kwa ubavu. Mwenye punda alitoka salama. Galgalo alipasuka mdomo. Mguu wa Talaso ulibanwa chini ya kiti cha mbele, na muundi ukavunjika katikati.

Watu wa Isiolo wana huruma, na huruma yao imeniletea kazi nyingi. Walikimbia kutoka kila upande, mmoja akamshika kwapa, mwingine akashika mguu ule ule uliovunjika, wakavuta. Mtu wa tatu akamletea soda. Mimi sijui nani aliwafundisha Wakenya kwamba mtu aliyegongwa anahitaji soda. Nimeona watu wakitapika soda hiyo mezani kwangu, na nimeona daktari wa upasuaji akishika kiuno kwa hasira kwa sababu hawezi kumlaza usingizi mtu mwenye tumbo lililojaa. Mtu ameumia vibaya, msimpe chochote mdomoni mpaka hospitali iseme.

Na msivute. Kama gari haliwaki moto na hakuna jingine linalokuja kuligonga, mwacheni alipo, mumwambie asigeuze shingo, mpige simu ya msaada. Kama ni lazima atoke, mmoja ashike kichwa na shingo viende pamoja na mwili, wengine wambebe kama ubao. Mguu uliovunjika ufungeni ulivyo, kwa fimbo mbili na kitambaa, au na mguu mzima wa pili, au hata na katoni iliyokunjwa. Usiunyooshe wewe. Kuna watu hawawezi kuona kitu kimepinda bila kukinyoosha. Hao wapeni kazi ya kusimamisha magari. Damu ikitoka, kitambaa safi na kiganja, ukandamize bila kufunuafunua kuchungulia.

Walimleta Talaso kwangu baada ya kupigwa picha ya eksirei. Daktari alikuwa ameshauona mfupa, ngozi haikuwa imetoboka, akasema tuuweke plasta ya nusu, ile inayoshika nyuma tu na kufungwa bandeji mbele, kwa sababu mguu ulikuwa bado unavimba. Alilala mezani ameuma shuka. Nilipokuwa nalowesha plasta akaniambia nisimtie nyeupe, hailingani na gauni lake. Nikacheka, naye akacheka, halafu akalia.

Aliyenifundisha kazi ni mzee mmoja Mturkana, Ekai, mtu wa maneno machache. Siku zake plasta haikuja tayari. Tulikata shashi, tukamwagia unga wa plasta, tukasugua kwa kiganja mpaka uingie, tukakunja na kuhifadhi kwenye mkebe mkavu. Nilirudi nyumbani nyusi zimekuwa nyeupe, mume wangu akawa anawaambia watu ameoa mwanamke wa kinu cha unga. Siku hizi kuna plasta nyepesi za rangi, wasichana wanachagua ya waridi. Ekai angeonyeshwa plasta ya waridi angeandika barua ya kustaafu siku hiyohiyo.

Lakini kuna jambo ambalo Ekai hakulibadilisha hata vifaa vilipobadilika. Hakumruhusu mgonjwa yeyote kushuka mezani kabla hajagusa vidole. Alibonyeza ukucha mpaka ukawa mweupe, akauachia, akangoja wekundu urudi. Alimfunika mgonjwa macho akamuuliza, hiki ninachogusa ni kipi? Alichukua kidole gumba akakivuta juu polepole huku akitazama uso wa mtu, si mguu. Mwanzoni niliona ni mbwembwe. Nyama ya muundi, alinieleza, imefungwa ndani ya ngozi ngumu isiyopanuka. Uvimbe ukizidi humo ndani, damu inakosa njia, na nyama inakufa ikiwa bado iko kwa mtu aliye hai. Inaweza kutokea penye plasta na pasipo plasta. Inaanza kwa maumivu yasiyolingana na jeraha, maumivu yanayopanda hata dawa ikishamezwa, na ukivuta kidole mtu anaruka.

Wagonjwa wangu hawakutaka kusikia hayo. Kulikuwa na mfugaji mmoja wa Kipsing niliyemfunga mguu, nikamwambia arudi nimtazame baada ya wiki kadhaa. Kukawa na mnada wa mifugo Oldonyiro, na plasta ikamzuia kukimbia na ng'ombe, kwa hiyo akaipasua kwa panga. Aliuza vizuri. Kisha akaja hospitalini na ile plasta ndani ya gunia, vipande vyote, akaniomba kwa adabu sana nimrudishie. Mguu wake ulishikana, lakini ulishikana upande, na leo akitembea unadhani anakaribia kuingia duka lililo kando. Tuliucheka mwaka mzima ule mkasa wa gunia. Sasa nikiukumbuka sicheki sana.

Turudi kwa Talaso. Nilimbonyeza kucha, wekundu ukarudi. Nilivuta kidole, akakunja uso tu. Daktari alitaka alazwe, mguu uinuliwe juu ya mito, atazamwe hadi kesho yake. Hapo mlango ukafunguka, akaingia Mzee Duba, ndugu ya marehemu baba yake, na nyuma yake mama ya Galgalo akiwa amejifunika uso kwa mtandio, analia. Mzee Duba alitupa salaam aleikum vizuri, akauliza hali, akashukuru. Kisha akasema anamchukua msichana nyumbani, kwa sababu wazee wamekaa tayari.

Walio wageni Isiolo huenda hawajui maslaha ni nini. Ni kikao cha wazee cha kumaliza jambo nje ya polisi na korti. Upande uliokosa unakuja, unakiri, unaomba, wazee wanapima, upande ulioumizwa unasamehe mbele ya watu, dua inasomwa, chai inanyweka, na neno hilo halifufuliwi tena. Msinisikie vibaya. Mimi ni Mmeru na Mkristo, lakini nimeishi humu vya kutosha kujua kwamba maslaha imezuia mazishi mengi huku, palipokuwa na ugomvi wa malisho na maji. Ni jambo jema. Shida ni pale linapokimbilia kuwahi kabla uvimbe haujajionyesha. Na Mzee Duba alikuwa na haraka, kwa sababu binti yake mwenyewe ameolewa kwa kina Galgalo, na alitaka jambo liishe kabla polisi hawajasikia.

Nilibishana naye mpaka nikakosa adabu. Nilipoona nimeshindwa, nilimwinamia Talaso na mama yake nikawaambia: mguu ukae juu ya mito, juu kuliko moyo, usiteremke hata wakati wa kula. Vidole mvitazame kila mara. Maumivu yakipanda, au vikifa ganzi, au vikibadilika rangi, msingoje kukuche, msimuulize mtu ruhusa, fungueni bandeji hiyo na mrudi mbio. Mama yake akaitikia, naam, naam. Talaso naye aliitikia. Waliondoka naye kwa gari la binamu ya Galgalo.

Kilichofuata alinisimulia yeye mwenyewe wodini, kidogokidogo, siku nyingi baadaye.

Wazee walikuwa wamejaa sebuleni. Talaso alipelekwa pale akae kwa kiti katikati, kwa sababu aliyeumizwa ndiye mwenye neno, bila yeye maslaha haikamiliki. Mama yake akamletea stuli na mito auweke mguu juu. Akautazama, akaona kwamba akiuinua, unyayo wake utaelekea usoni pa wazee wanane wenye ndevu zilizopakwa hina. Mwanamke wa kwao hamwelekezei mzee nyayo. Hata mimi, kabila jingine, ningeona haya. Akaisukuma stuli kando, akashusha mguu chini, akaufunika na dera. Hakuna mzee aliyemlazimisha. Hawakujua, na yeye hakuwaambia.

Akakaa hivyo alasiri nzima, mguu unaning'inia. Walizungumza kwa marefu, kama wazee wanavyozungumza. Akasikia maumivu yakianza kupanda, si pale palipovunjika, bali kote, kama mguu umevalishwa kiatu cha mtoto. Galgalo aliletwa mbele yake, akapiga magoti, akaomba. Naye alimsamehe, na aliniapia kwamba alimsamehe kwa moyo wake wote, kwa sababu alimjua tangu wakicheza wote vumbini na alijua hakukusudia. Wakasoma dua. Chai ikaja.

Kuanzia hapo, jamani, hakuyataja maumivu hata kidogo. Nilimuuliza kwa nini. Nilikuwa na hasira, nilimuuliza vibaya. Akanijibu bila kuinua sauti:

"Nilikuwa nimesema nimesamehe, Mama. Nikianza kulia mguu, watu wangesema nimesamehe na mdomo tu. Wangesema nataka kurudisha maneno."

Nimefanya kazi na watu wa kila namna, na nimeona watu wakiumia kwa ulevi, kwa ujeuri, kwa ujinga. Sikuwahi kuona mtu akiumia kwa kutunza neno lake. Usiku huo alimeza dawa za maumivu zote alizopewa hospitalini za siku mbili, akauma kanga. Mama yake akiuliza, alisema kidogo tu. Kulipokucha aliona mguu umetulia. Hausikii kitu. Mama yake alifurahi. Aliwaambia majirani kwamba msamaha umemponya binti yake, na majirani wakamshukuru Mungu pamoja naye. Wakamwacha alale. Walimwacha alale siku hiyo yote.

Walipomrudisha kwangu kutazamwa, asubuhi iliyofuata, nilikuwa namfunga mtoto mkono. Mama yake aliingia anatabasamu. "Mguu imetulia, Mama Plasta," akasema. "Hajalia kabisa." Nikaacha mkono wa mtoto ukining'inia. Nilifunua dera, nikaona vidole. Vilikuwa na rangi ya majivu. Nilibonyeza ukucha ukawa mweupe, nikangoja, wekundu haukurudi. Nilivuta kidole gumba nikimtazama usoni, kama Ekai, na uso wake haukubadilika. Alikuwa ananitazama tu, akingoja nimwambie kitu cha kumchekesha.

Madaktari walimpasua mguu kujaribu kuipa damu njia. Nyama ilikuwa imeshakufa. Waliukata mguu chini ya goti.

Kwa hiyo shikeni hili hata mkisahau mengine yote. Maumivu yakipanda, sema. Piga kelele, waamshe watu, waudhi wazee. Na maumivu yakikatika ghafla, vidole vikiwa baridi na ganzi, huko si kupona. Usifurahi wala usilale. Mguu unaouma bado ni wako.

Baadaye mama yake alinijia nyumbani, hana mbele wala nyuma, akitaka kujua kama kuna mlango wowote uliobaki. Nilimfuata hadi kituo cha polisi. Afisa alikuwa kijana mstaarabu, aliandika maneno yetu kitabuni, lakini alituuliza yale ambayo kila mtu angeuliza. Gari liko wapi? Lilikuwa limeshanyooshwa na kupakwa rangi. Nani aliliona mtaroni? Watu wengi, lakini hatukuwa na jina hata la mmoja. Mwenye punda alikuwa amehama na punda wake. Picha? Hakuna. Bima ya nani? Hakuna aliyeitazama stika kwenye kioo. Safari kwenye simu? Ilifutwa. Wakili tuliyemwona alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaisafisha sana. Alisema atajaribu. Tulijua maana yake.

Basi nyinyi, mkiwa na akili zenu na mkono mmoja mzima, pigeni picha. Namba za gari, stika ya bima, gari lilivyokaa kabla halijavutwa, barabara, uso wa dereva. Kama huwezi, mpe simu mtu unayemwamini usoni. Chukueni majina na namba za walioona, wawili watatu wanatosha. Ile safari kwenye simu ihifadhini kwa picha, na mwarifu kampuni humohumo kwenye app, kwa maandishi. Ripotini polisi siku ileile mkiweza, mpewe namba ya ripoti yenu, hata kama mnadhani ni mchubuko. Hospitalini mwambieni daktari kila panapouma, pia panapouma kidogo, na mseme mliumia vipi, ili aandike. Karatasi zote zikae mfuko mmoja. Na msijibu "niko sawa" mtu akiwauliza barabarani. Sisi ni watu wa kusema tuko sawa hata tukiwa tumeshika utumbo mkononi. Semeni sijui bado.

Na maslaha je? Wazee wakija, wapokeeni. Wapeni chai. Waambieni mnaheshimu kikao na mtakaa nao, lakini daktari aseme kwanza mguu huu utakuwa mguu wa namna gani. Usiweke kidole gumba kwenye karatasi yoyote ukiwa umelala. Kabla ya kukubali lolote, mtu anayejua sheria alisome. Mzee mwenye busara hatakasirika kungoja. Atakayekasirika, muulize binti yake ameolewa wapi.

Nimekuwa mkali hapo. Mzee Duba si mtu mbaya. Alikuwa akija wodini kila siku na maziwa ya ngamia kwenye chupa, anakaa, anatazama pale shuka lilipolala bapa, anaondoka bila kuaga. Nilimchukia wiki nzima, halafu nikamwona akimmiminia maziwa na kumshikia kikombe mdomoni, nikashindwa kuendelea.

Siku moja alikuja na Galgalo. Mimi nilikuwa nimeketi kando ya kitanda, namfunga Talaso bandeji ya kukipa kigutu umbo, ili baadaye kiingie kwenye mguu wa bandia. Galgalo alikuwa amekonda. Alisimama miguuni pa kitanda, akaona amesimama mahali ambapo mguu ungekuwa, akasogea. Mzee Duba ndiye aliyemsemea. Alimwambia Talaso kwamba kijana halali usingizi wala hali chakula, ameacha kuendesha, anaogopa kwamba yeye Talaso ana kinyongo naye. Akamkumbusha kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mtoto sala, kwamba hakuna sababu ya kuogopa.

"Hiyo maneno iliisha," akasema. "Tulisoma dua. Wewe mwenyewe ulisamehe, sisi wote tulisikia."

Talaso alikuwa ananitazama mikono nikizungusha bandeji. Hakuwa na hasira usoni. Alingoja nimalize mzunguko.

"Ni kweli nilisamehe, Abba Duba," akasema. "Siku hiyo nilisamehe mguu imevunjika. Hii imekatwa, hakuna mtu ameniuliza."

Mikono yangu ilisimama. Galgalo akapiga magoti, pale sakafuni wodini, wagonjwa wote wakitazama, akasema anamuuliza sasa. Anamuuliza kwa huu uliokatwa.

Nilidhani Talaso atalia, au atamsamehe, kwa sababu namjua moyo wake.

"Ngoja kwanza," akamwambia. "Saa hii bado inauma."

Mzee Duba akaketi kitini. Hakumhimiza. Galgalo aliinuka, akatoka, kesho yake akaja tena, na mpaka leo bado anangoja.